Gari msimu wa kusi: lilazwe au litembezwe?

Kuanzia katikati ya Aprili nyumba nyingi za ufuoni hapa Malindi hufungwa. Kaskazi imekwisha, kusi imeingia, masika yako njiani, na wenye nyumba wanarudi kwao Italia au wanapanda Nairobi mpaka Julai au Agosti. Nyuma hubaki mlinzi, ufunguo na gari. Agizo ni lile lile kila lango: "Uwe unaliwasha kila Jumamosi, dakika kumi hivi."

Agizo hilo hutolewa kwa nia njema, nami nataka tuliache. Gari la kuachwa kwa miezi lina njia mbili tu nzuri: ama lilazwe sawasawa, ama litembezwe sawasawa. Hii ya katikati, ya kuliwasha limesimama pale pale kisha kulizima, inabeba hasara za njia zote mbili na haipati faida ya hata moja.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu kulaza magari umeandikwa Ulaya na Marekani, kwa ajili ya majira ya baridi. Huko wanakimbia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na wanaogopa betri iliyoisha isigande. Sisi barafu hatuna, lakini chumvi tunayo, tena haisubiri gari litoke nje. Inalifuata mpaka ndani ya ua. Kwa hiyo baadhi ya mambo yao tunayachukua kama yalivyo, na mengine tunayageuza.

Dakika kumi za Jumamosi zinafanya nini

Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Gari likiwa safarini mvuke huo hutoka wote, kwa sababu eksozi imepata moto mwanzo hadi mwisho. Sasa chukua injini ya cc 1500, kama ya Probox, inayounguruma tu imesimama. Hutumia kama lita moja kwa saa au pungufu kidogo, kwa hiyo dakika kumi ni mililita 150 hivi za petroli, na kiasi kama hicho cha maji. Mvuke wa eksozi hugeuka kuwa maji kila unapogusa chuma kilicho chini ya nyuzi 50 hivi. Hata siku ya jua kali la nyuzi 32 haisaidii kitu.

Ukitaka kuyaona, simama nyuma ya gari lililolala wiki moja likiwashwa. Matone meusi yanayodondoka kwenye ncha ya eksozi ni maji hayo, yamechanganyika na masizi. Yanayodondoka si tatizo. Tatizo ni yale yaliyotuama tumboni mwa sailensa, ambayo hayapati moto wa kuyakausha, na Jumamosi inayofuata yanaongezewa mengine. Ndiyo maana sailensa za magari ya aina hii hutoboka kutoka ndani, upande wa chini, wakati nje bado zinaonekana nzima.

Ndani ya injini ni hivyo hivyo. Injini ikiwa baridi hunyweshwa petroli nyingi kuliko kawaida, na ile isiyoungua hupenya kwenye ringi za pistoni pamoja na mvuke, ikashukia kwenye oili. Oili huweza kuyafukuza maji na petroli hiyo ikifika nyuzi 80 hadi 100 na kukaa hapo kwa muda. Dakika kumi za kuunguruma haziifikishi huko. Msidanganywe na sindano ya joto kwenye dashibodi: inapima maji ya rejeta, nayo hupata moto mapema kuliko oili. Fungua kifuniko cha kutilia oili uangalie upande wake wa ndani. Ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa, ni maji yaliyokorogwa na oili. Kwenye gari linalowashwa dakika kumi kumi mara nyingi sababu ni hiyo tu, lakini kagua na maji ya rejeta. Yakiwa yanapungua, huenda ni gasketi ya silinda hedi, na hilo ni jambo la fundi.

Betri nayo, ambayo ndiyo sababu ya agizo lenyewe, haipati inachodhaniwa inapata. Gari lililozimwa bado linakula umeme kidogo kwa ajili ya saa, kengele ya wizi na kompyuta yake. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Tuchukue 30: kwa wiki nzima ni ampea-saa 5. Alterneta ikizungushwa polepole ikaipa betri ampea 15 kwa dakika kumi, umerudisha ampea-saa 2 na nusu, na hapo sijatoa za stata wala za kiyoyozi alichokiwasha kijana wa watu kwa sababu ndani kuna joto. Kila wiki betri inashuka. Betri ya ampea-saa 45 haichukui miezi mingi kwa mwendo huo, na mwenye gari anarudi akiapa kwamba liliwashwa kila Jumamosi. Kweli liliwashwa.

Chumvi

Hapa ndipo Pwani inapotofautiana na Nairobi, na ndipo ningependa mtu atumie muda wake mwingi.

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukifika asilimia 75. Chumvi ya bahari ina madini mengine ndani yake yanayoanza kunyonya mapema zaidi ya hapo. Usiku wa msimu wa kusi, Malindi na Lamu, hewa huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Maana yake ni kwamba chuma chenye chumvi kina maji juu yake hata kama hakijanyeshewa tone, na kinaendelea kuliwa usiku kucha gari likiwa chini ya paa. Paa linazuia mvua. Upepo wa kusi wenye vumbi la mawimbi unapita.

Kwa hiyo kuosha kabla ya kulaza si usafi wa kupendeza macho. Ni kuondoa chumvi, na inategemea maji gani unatumia. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi. Yaonje. Yakiwa na ladha ulimini, usiyapitishe kwenye gari, maana yakikauka yanaacha kile kile ulichokuwa unakiondoa. Maji ya mfereji, yale ya Baricho kutoka mto Sabaki, yanafaa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi ni bora kupita yote.

Osha chini kuliko juu. Rangi ya bodi ina ulinzi wake. Kinachooza ni ndani ya mudigadi, ukingo wa chini ya milango, shasi, mabomba ya breki na viungo vya sasipensheni. Piga maji kwa mpira wenye nguvu kutokea pande zote, hasa kwenye pembe ambazo mchanga umeshikana na kuwa tope gumu, kwa sababu tope hilo ndilo linaloshika unyevu na chumvi pamoja. Kisha lala chini uangalie ukingo wa chini wa kila mlango. Kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Kwetu huzibwa na mchanga mwembamba, na mlango ukibaki na maji ndani unaoza kutoka tumboni. Zibua kwa waya laini au kijiti cha mfagio, mpaka uone maji yanatiririka.

Halafu fungua boneti utazame chini ya waipa, kwenye ule mfereji ulio kati ya boneti na kioo. Kama gari huegeshwa chini ya mwarobaini, utakuta majani membamba yameoza na kuwa udongo mweusi. Udongo huo huziba njia ya maji ya pembeni. Mvua ya Mei ikipiga, maji yanafurika na kuingia ndani ya gari kupitia tundu la hewa, yanalowesha zulia chini ya miguu ya abiria, na hakuna anayejua mpaka harufu ianze. Toa majani yote kwa mkono, mimina ndoo ya maji, hakikisha yanatokea chini nyuma ya tairi za mbele.

Kuhusu kupaka oili chafu chini ya gari: najua ni desturi, na najua ni bure. Inaharibu raba za bushi, inadondoka ardhini na kuingia visimani, na mvua mbili tatu zinaiosha. Nunua dawa maalumu ya nta ya kupulizia chini ya gari, au paka grisi kwa brashi kwenye nati, mabomba ya breki na maungio. Paka juu ya chuma kilichooshwa na kukauka. Ukipaka juu ya chumvi umeifungia ndani.

Ukiamua litembezwe

Njia hii ni nzuri kweli kweli, pengine bora kuliko kulaza, kwa sharti moja: awepo mtu wa kuliendesha. Mzunguko wa mtaani mpaka dukani hauhesabiki. Gari litoke mara moja kila wiki mbili, liende kilomita 30 bila kuzimwa, kwa mwendo wa barabara kuu. Kutoka mjini Malindi mpaka njia panda ya Gede na kurudi kunatosha. Upande wa kaskazini, vuka daraja la Sabaki mpaka Mambrui na kurudi, utapata kama hizo hizo. Nusu saa ya mwendo huo huikausha eksozi, huichemsha oili mpaka ikatoa maji yake, huipa betri cha maana, huzisugua diski za breki na huzungusha bearingi ili grisi yake isikae upande mmoja. Giaboksi ya otomatiki nayo inahitaji kubadilisha gia zote, jambo lisilotokea gari likiwa limesimama kwenye P.

Katika safari hiyo kiyoyozi kiwashwe dakika kumi angalau, hata kama kuna ubaridi wa mvua. Kompresa yake hulainishwa na oili inayosafiri pamoja na gesi. Isipozunguka kwa miezi, sili hukauka na gesi huvuja.

Wasichoangalia wengi ni karatasi. Gari likigusa barabara ya umma lazima liwe na bima, hata kama ni safari moja kwa mwezi. Bima ya dhidi ya mtu wa tatu huuzwa pia kwa mwezi mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna kisingizio. Na dereva awe na leseni halali ya aina ya gari hilo. Mlinzi ni mtu wa kuaminika na anajua kuwasha, lakini kama hana leseni, kumtuma Gede ni kumtwika mzigo usio wake: akigongwa au akigonga, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Mtafute dereva, mlipe kwa kila safari, na umtumie pesa za mafuta mapema asije akazunguka na tangi lenye taa nyekundu. Mwambie pia asipite ufuoni, na siku ya mvua kubwa asubiri kesho yake. Kuliendesha kwenye madimbwi ya barabara kisha kulifunga bandani likiwa linachuruzika ni hasara tupu.

Kama mtu huyo hayupo, usijidanganye. Lilaze.

Ukiamua lilale

Kwa kutokuwepo wiki tatu huna haja ya kufanya lolote zaidi ya kuosha na kuachia breki ya mkono. Kuanzia mwezi mmoja na nusu na kuendelea, fuata haya yote.

Siku ya mwisho ina mpangilio wake. Anza na oili. Oili iliyotumika ina asidi ndani yake, na hutaki hiyo ndiyo ikae kwenye bearingi za injini miezi minne. Badilisha pamoja na filta. Injini nyingi za cc 1300 hadi 1500 huchukua lita 3 na nusu hadi 4. Halafu nenda kajaze mafuta. Kisha osha. Kisha, na hapa ndipo watu hukosea, usiliegeshe bichi. Liendeshe zile kilomita 30, mpaka breki, injini na eksozi vikauke kwa moto wao wenyewe na oili mpya izunguke kila mahali. Ukirudi ndipo unaliingiza bandani, unalizima, na haliwashwi tena mpaka siku ya kuamshwa.

Kwa nini tangi lijae? Tangi la chuma lenye nafasi tupu lina hewa, na hewa yetu ina maji. Usiku ukipoa maji hayo hukaa ukutani na kutu inaanza. Matangi ya plastiki hayana shida hiyo, lakini petroli nyingi huchacha polepole kuliko kidogo, kwa sababu sehemu zake nyepesi zina nafasi ndogo ya kuruka. Kwa joto letu, petroli ya miezi mitatu bado ni nzuri. Ikivuka miezi sita tarajia injini kukataa kuwaka vizuri. Kama unajua utakaa zaidi ya hapo, tia dawa ya kuhifadhi mafuta kabla ya ile safari ya mwisho, ili ifike mpaka kwenye nozeli. Kwa Land Cruiser na Hilux za dizeli hatari kubwa ni maji: vijidudu huota pale dizeli inapokutana na maji, vikafanya ute mweusi unaoziba filta. Jaza tangi, na ufungue koki ya chini ya filta umwage maji kabla ya kulaza na tena siku ya kuamsha.

Rejeta itie kulanti, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Wenzetu wa nchi za baridi huitia ili maji yasigande. Sisi tunaihitaji kwa sababu ina dawa ya kuzuia kutu, na injini yenye maji matupu, mabaya zaidi ya kisima, inaliwa ndani ikiwa imelala.

Betri ifungue. Spana namba 10, tamino ya hasi kwanza, kila mara. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, unapiga shoti ya ampea mamia. Kabla ya kufungua hakikisha mambo mawili: redio isiwe na namba ya siri usiyoijua, na buti isiwe ya kufunguka kwa umeme tu huku umeweka betri au jeki ndani yake. Betri ikishatolewa ioshe tamino kwa maji ya moto na brashi, kausha, paka grisi nyembamba. Kama ina vifuniko vya kujazia, ongeza maji yaliyotoneshwa, usitie asidi. Ichaji mpaka ijae, kisha ipumzike nusu siku ndipo upime: volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Chini ya 12.4 mabamba ya risasi huanza kuota chembe ngumu za salfeti, na zikikaa muda mrefu hazirudi tena hata uchaji siku nzima. Joto nalo huongeza kasi ya betri kujimaliza yenyewe, kwa hiyo iweke ndani ya nyumba penye kivuli, wala usiiache kwenye stoo ya mabati. Ikiwezekana ichajiwe mara moja kila mwezi. Ule wasiwasi wa kuiweka juu ya sakafu ya saruji ni wa enzi za masanduku ya mbao na raba. Betri ya leo ya plastiki haidhuriki.

Kama kengele ya wizi lazima ifanye kazi, usifungue betri. Tumia kichaji kinachojipunguza chenyewe mpaka volti 13.2 hadi 13.6, au paneli ndogo ya sola ya wati 10 juu ya paa la banda pamoja na kidhibiti chake. Paneli ndani ya kioo cha gari lililo kivulini haifanyi kitu.

Breki ya mkono iachwe wazi. Lainingi zikikaa zimebana drami kwenye unyevu wa chumvi, hushikana, na ukilazimisha kuondoka lainingi hubanduka kwenye kiatu chake. Weka gia ya kwanza, au P, na zuia tairi kwa mawe mbele na nyuma. Usitumie vipande vya mbao moja kwa moja ardhini. Mchwa wataanza na mbao na hawatakuwa na haraka ya kuondoka.

Tairi zitie presha 40 badala ya 30 au 33, mradi usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni. Zitashuka kidogo kila mwezi. Kazi ya mlinzi iwe hii, badala ya kuwasha: kila wiki mbili, akiwa na mwenzake, wasukume gari kiasi cha robo mzunguko wa tairi, halafu warudishe mawe. Dakika tano, bila ufunguo, na tairi hazibonyei upande mmoja. Kulinyanyua gari zima juu ya stendi si lazima kwa miezi minne. Ukitaka kulinyanyua, tumia stendi za chuma. Tofali la matumbawe usilitumie hata kwa dakika moja mtu akiwa chini: jiwe hilo lina vishimo ndani, hupasuka ghafla bila kutoa ishara.

Mahali pa kulilaza

Banda la makuti lililo wazi pande mbili ni zuri kuliko gereji ya kufungwa isiyo na dirisha, maana hewa inayotembea hukausha. Sakafu iwe ya saruji. Kama ni mchanga, tandika karatasi nene ya nailoni chini ya gari lote, kwa sababu mchanga wa pwani hupumua unyevu juu usiku kucha na wa kwanza kuupokea ni shasi.

Usilifunike kwa turubai la plastiki. Hufungia unyevu, na kusi ikilipigapiga linasugua rangi mpaka ikafifia kwenye kona zote. Shuka kubwa la pamba, au kifuniko cha kitambaa kinachopumua, linatosha kuzuia vumbi la makuti. Na tafadhali, si chini ya mnazi. Dafu moja la kusi hugharimu boneti au kioo cha mbele. Chini ya mwembe na mkorosho kuna utomvu unaokula rangi, na kunguru hawahitaji maelezo.

Makuti yana panya. Panya hupenda kisanduku cha air kilina, juu ya injini, na ndani ya mifereji ya hewa, na hutafuna nyaya. Acha boneti wazi kidogo, mwanga na upepo viingie. Panya hapendi kuzaa peupe. Ziba tundu la kuingizia hewa na ncha ya eksozi kwa waya wa kusugulia sufuria, ambao pia huzuia nyigu wa udongo, kisha funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili siku ya kuwasha ukumbuke kuutoa. Tega mitego. Sumu usiweke: panya aliyeila hufia ndani ya dashibodi, na kumtoa ni kufungua dashibodi nzima.

Ndani, toa mazulia, toa kila kitu cha chakula, futa siti na usukani kwa kitambaa chenye siki kidogo, vuta mikanda yote uikaushe, maana ukungu huanza pale jasho lilipokauka. Vioo viache wazi nusu sentimita, si zaidi. Makaa kwenye bakuli hupunguza harufu lakini hayakaushi hewa, kwa hiyo usiyategemee peke yake. Waipa zinyanyue kutoka kwenye kioo au uweke kitambaa katikati.

Wenzetu wa Lamu wana shida yao peke yake, kwani gari hubaki Mokowe, ng'ambo, na mwenyewe yuko kisiwani. Lakini huvuka bara mara kwa mara, na hilo ni faida. Kama unavuka kila wiki mbili, usiende tu kuliwasha na kurudi gatini. Panga ile safari ya nusu saa barabara ya Hindi au Witu iwe sehemu ya siku yako. Kama huvuki, ifungue tamino ya hasi, achia breki ya mkono, na ulipie nafasi yenye kivuli iliyo mbali na maji hata kama ni ghali kidogo.

Siku ya kuliamsha

Usiruke ndani na kuwasha. Kwanza zunguka: toa waya kwenye eksozi na tundu la hewa, fungua kisanduku cha air kilina utazame kama kuna kiota, fuata nyaya kwa tochi ukitafuta alama za meno. Angalia chini kama kuna dimbwi la aina yoyote. Pima oili, kulanti na mafuta ya breki. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Yakiwa yamepita miaka miwili yabadilishwe sasa. Rudisha tairi kwenye presha yake. Kanyaga breki mara kadhaa: pedali ikizama au ikiwa laini kama sifongo, gari halitoki hapo mpaka fundi aje.

Rudisha betri, chanya kwanza na hasi mwisho. Halafu toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata sekunde tano, pumzika, piga tena mara mbili. Injini inazunguka bila kuwaka, oili inapanda mpaka juu kabla ya moto. Rudisha fyuzi, washa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Usikanyage mafuta kuipandisha. Dakika moja, kisha ondoka taratibu.

Diski zitakuwa na kutu ya rangi ya chungwa na breki zitakwaruza. Tafuta barabara tupu, fika kilomita 40 kwa saa, kanyaga breki kidogo kidogo mara kumi bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi zipoe. Mkwaruzo ukiisha, endelea. Usipoisha, au usukani ukitetemeka ukikanyaga, diski imechimbika na inahitaji kuchongwa au kubadilishwa. Mtetemo unaokuja bila breki ni wa tairi zilizobonyea, nao mara nyingi huisha zikipata moto baada ya kilomita 15 au 20. Ukibaki hata baada ya safari ya Mombasa, tairi hizo zimekwisha. Zitazame na tarehe yake ubavuni ukiwa hapo: tarakimu nne za mwisho, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.